Beseni la Maziwa Mlangoni pa Kitalu

Mimi ni mtu wa Lushoto, na watu wa Lushoto tuna ugonjwa mmoja: tunadhani nyanya tulizianzisha sisi. Ofisi yetu ilipohamia Dodoma nami nikahama nayo, nikiwa na godoro, mafaili na majivuno. Nilipata kiwanja Mkonze, nikajenga nyumba ya vyumba vitatu, na nyuma yake nikabakiza eneo la kutosha kumwonyesha mke wangu, ambaye ni Mgogo wa Gulwe, jinsi nyanya zinavyolimwa na watu waliozaliwa nazo.

Msimu wa kwanza zilinyauka. Asubuhi mche umesimama, mchana umelegea, jioni umelala moja kwa moja na ukiung'oa shina limeoza ndani. Msimu wa pili zikapata rasta. Ndivyo wakulima wa huku wanavyouita ule ugonjwa wa majani kujikunja na kugeuka ya njano, mche ukadumaa na kubaki na kichwa cha kujisokota. Mke wangu alikuwa akitoka zahanati anakofanya kazi ya uuguzi anapitia sokoni, ananunua nyanya za fungu, anaziweka juu ya meza mahali ambapo lazima nizione.

Kwa hiyo msimu wa tatu nilimeza majivuno nikaenda kwa bibi shamba wa kata, mama mmoja anayeendesha pikipiki kwa kasi ya kutisha na kuongea vivyo hivyo. Aliniuliza mbegu nilitoa wapi. Nikamwambia nilikamua nyanya za sokoni, nikazianika kwenye gazeti, kama alivyokuwa akifanya bibi yangu. Alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyejitibu mwenyewe.

"Kaka yangu, udongo wako umeshaugua," alisema. "Nunua mbegu chotara inayostahimili magonjwa. Na usizikamue tena mwakani, watoto wa chotara hawafanani na wazazi. Kila msimu pakiti mpya."

Nikaenda duka la pembejeo nikanunua pakiti. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba niliitingisha kuhakikisha kuna kitu ndani. Mbegu zilikuwa zimepakwa dawa ya rangi ya waridi, na mtu unazihesabu kama vidonge. Nilijaza trei za miche udongo laini wa makumbi ya nazi, nikachukua kibano ambacho mke wangu hung'olea nyusi, bila ruhusa yake, nikadondosha mbegu moja moja katika kila tundu. Kitalu changu kilikuwa pembeni ya ua: vigingi vinne, neti ya kivuli juu, neti nyingine pande zote kuzuia nzi weupe wanaoleta rasta, na mlango wa kamba. Siku ya saba zilipoanza kuchungulia, niliwapigia simu watu wa ofisini kuwatangazia. Wawili walikata simu.

Bibi shamba alikuja kukagua, akaridhika, kisha akanipa masharti. Nisiingie kitaluni nikitoka kwenye shamba lenye ugonjwa. Ninawe mikono. "Na mtu wa tumbaku asiguse miche. Sigara, ugoro, yote. Tumbaku na nyanya ni ukoo mmoja, kuna virusi vinakaa vidoleni mwa mtu wa tumbaku, akishika jani vinahamia. Akilazimika kushika, aoshe kwa sabuni, halafu achovye mikono kwenye maziwa. Maziwa yanavizima."

Nilicheka. Nikamwambia nyumbani kwangu hakuna anayevuta hata moshi wa kuni, tunapikia gesi.

Wiki iliyofuata mama mkwe akafika kutoka Gulwe.

Alikuwa akiishi peke yake tangu baba mkwe afariki. Mke wangu amembembeleza miaka kadhaa aje tukae naye, na kila mara jibu lilikuwa shamba: nani atapalilia mtama wake, nani atafukuza ndege. Safari hii mguu ulikuwa umevimba. Alisema alijikwaa kidogo. Akakubali kuja "kuangalia" mpaka mwezi uishe. Akipapenda atakaa, asipopapenda atarudi kwake, na asiulizwe tena mpaka kufa. Mke wangu ni mtu asiyeomba vitu, lakini jambo hili alilitaka kuliko chochote nilichopata kumwona akikitaka. "Akirudi kule na mguu ule," aliniambia, "siku moja jirani atanipigia simu. Sitaki kuipokea simu hiyo."

Sasa, katika ukoo wao mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kutoonana. Hawatazamani usoni, hawali meza moja, hawasemezani ana kwa ana. Wenzangu wa mjini wameshayaacha hayo, lakini mama mkwe wangu alikuwa bado ameyashika kwa mikono miwili. Mimi nikitokea sebuleni, yeye anajitanda kanga hadi kwenye pua na kuugeukia ukuta. Kabla ya kutoka chumbani nilikuwa nakohoa mara tatu. Nyumba ya vyumba vitatu si kubwa, na kwa siku chache nilikohoa mpaka mke wangu akaniletea dawa ya kifua.

Kama kuna ujumbe, unapitia kwa mke wangu. Mke wangu asipokuwepo, unapitia kwa kuku. Tulikuwa na tetea mmoja mweusi asiyebanduka mlango wa jikoni. "Kuku," alikuwa akisema mama mkwe, nami nikiwa hatua tano nyuma yake, "mwambie mwenye nyumba maji ya bomba yametoka, asije akasema hakuambiwa." Nami nikijibu: "Kuku, mwambie mama ahsante." Yule tetea alikuwa mtumishi mwaminifu kuliko makarani wangu.

Tatizo lilikuwa kazi. Mama mkwe aliamka alfajiri akafagia ua, akakuta jua bado, akaufagia tena. Jiko la gesi hakuliamini. Runinga aliitazama siku moja, akauliza wale watu wanaozozana mle ndani hawana mashamba. Siku ya nne alimwambia mwanawe kwamba nyumba ya kulishwa tu inamzeesha mtu. Mke wangu alilia chooni, akadhani sisikii.

Siku ya tano akakigundua kitalu.

Nilimwona kwa dirisha asubuhi nikivaa shati la ofisini. Alikuwa ameinama juu ya trei, anaipapasa miche kwa kiganja huku na huku, taratibu, anaisemesha Kigogo. Mke wangu alikuja akasimama nami. "Unamsikia?" alisema, na uso wake ulikuwa umefunguka. "Anaisalimia. Mbukwenyi, mbukwenyi, mche mmoja mmoja." Tulisikia akicheka, kicheko chake cha kwanza tangu afike.

Kisha akajiinua, akafungua pindo la kanga, akatoa kikopo kidogo cha bati, akachota kwa dole gumba na cha shahada, akavuta puani, akapiga chafya mbili za nguvu, na kuirudia miche yangu.

Nilikaa kitandani. Shati lilibaki limefungwa vifungo viwili tu.

"Mwambie mama asiguse," nilisema.

"Nimwambie mama yangu mikono yake ina ugonjwa?"

"Mwambie ugoro una ugonjwa."

"Ameuvuta tangu hujazaliwa, na kilichomuuma ni mguu." Akachukua mkoba wake akaenda kazini, maana kwake mjadala ulikuwa umefungwa.

Basi nikatumia akili ya ofisi. Jambo lisilosemeka huwekewa utaratibu. Nilinunua maziwa mabichi kwa mfugaji anayepita na baiskeli, nikayamimina kwenye beseni safi, nikaliweka juu ya kigoda mlangoni kabisa pa kitalu, na kipande cha sabuni pembeni. Mtu yeyote mwenye macho angeelewa. Mchana niliporudi kula, beseni lilikuwa tupu, limeoshwa, limefunikwa kifudifudi. Nilifurahi sana. Kesho yake nikaweka tena, likatumika tena. Nikawaza: mwanamke msafi huyu, anayamaliza yote.

Jioni zile mezani pangu palitokea mtindi. Mtindi mzito, baridi, wenye harufu ya kibuyu kilichofukizwa, wa kukata kwa kijiko. Nilikunywa bakuli la kwanza, nikaomba la pili. Kwa siku nne nilikunywa mtindi na kusifia, na mke wangu alikuwa akipeleka sifa zangu upande wa pili wa ukuta na kurudi na bakuli lililojaa zaidi.

Siku ya tano nikamuuliza, "Mama ananawa vizuri?"

"Ananawa nini?"

"Mikono. Kwa yale maziwa."

Mke wangu aliweka kijiko chini polepole. Akanieleza kwamba mama yake amekuwa akimsifia kila siku: mkwe wa milimani ana adabu, anaona haya kumkabidhi mama mkwe zawadi mkononi, kwa hiyo anamwachia maziwa kila asubuhi mahali anapopita. Ndiyo maana anayagandisha na kumrudishia yaliyo mazuri. "Amesema hata marehemu baba hakuwahi kumheshimu hivyo," alisema.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Angeendelea kununua maziwa na kunywa mtindi mpaka Mungu amwite. Lakini mimi nilikuwa nimeshapoteza misimu miwili, na miche ilikuwa na majani manne yaliyosimama vizuri, na kila asubuhi vidole vile vya njano vilikuwa vikipita juu yake. Usiku niliota rasta. Ijumaa nikiwa ofisini nikaandika tangazo, nikalichapa kwa herufi kubwa, na jioni nikalibandika kwenye kigingi cha mlango:

TANGAZO. WATUMIAJI WA TUMBAKU YA AINA YOYOTE, UGORO UKIWEMO, HAWARUHUSIWI KUGUSA MICHE KABLA YA KUNAWA KWA SABUNI NA KUCHOVYA MIKONO KATIKA MAZIWA YALIYOWEKWA KWA KAZI HIYO. KWA AMRI.

Nilijua mama mkwe hasomi. Ukiniuliza basi nililiandika la nini, sina jibu hadi leo, isipokuwa kwamba miaka ishirini na sita masjala inamfanya mtu aamini karatasi ikishabandikwa kazi imefanyika.

Jumamosi asubuhi mama mkwe alimshika mwanawe mkono, akampeleka mlangoni pa kitalu, akamuuliza karatasi ile inasema nini. Mke wangu alijaribu kusema ni mambo ya mbolea. Lakini hajui kudanganya, na mama yake ndiye aliyemfundisha kutojua. Ikabidi asome. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikiyasikia maneno yangu mwenyewe yakisomwa kwa sauti, na kila neno lilikuwa baya kuliko nilivyoliandika.

Mama mkwe akasema, "Kumbe yalikuwa ya kuninawisha."

Hakugombana. Aliingia ndani akaanza kukunja kanga zake. Alipopita mlango wa jikoni alisimama mbele ya tetea. "Kuku, mwambie mwenye nyumba naondoka kesho asubuhi. Miche yake ipumue."

Mke wangu alikuja chumbani akafunga mlango. Nilitegemea kelele. Alisema kwa sauti ya chini, "Atarudi kule afe peke yake, na wewe utakuwa na nyanya." Halafu akavaa sare akaenda zamu.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Pamoja na aibu, nisidanganye, nilikuwa bado na wasiwasi wa miche. Hivyo ndivyo nilivyo. Nikachukua pakiti tupu ya mbegu, nikaenda kwa bibi shamba nyumbani kwake, nikamkuta anafua. Nikamweleza yote, nikamuuliza kama ipo dawa ya kupulizia miche iliyokwisha kushikwa na ugoro kwa wiki nzima.

"Mbegu gani ulinunua?"

Nikampa pakiti. Alijifuta povu, akaigeuza nyuma, akaanza kusoma kwa kidole. "Mnyauko, inastahimili. Rasta, inastahimili. Minyoo fundo, inastahimili. Virusi vya tumbaku," akanyanyua macho, "inastahimili."

"Wapi?"

"Hapa. Mstari wa nne."

"Lakini wewe ndiye uliyeniambia mtu wa tumbaku asiguse."

"Hayo ni masharti ya kila kitalu. Kwa mbegu nyingine mama yako angekuletea balaa kweli. Ila kaka, nilipokuja kukagua miche hukuniambia umenunua ipi, nami nikajua umesoma. Wewe ulisoma mpaka wapi?"

Nilisoma mpaka mnyauko na rasta. Nilipoyaona magonjwa yaliyonidhalilisha mimi yametajwa, nilifunga mkataba. Na kazi yangu, mkate wangu, ni kuwakaripia vijana wanaoniletea faili bila kulisoma hadi ukurasa wa mwisho. Bibi shamba alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Akanikumbusha tu kwamba mbegu hiyo haimstahimili kantangaze, yule mdudu anayekula nyanya hadi mkulima akatangaze kufilisika, kwa hiyo nisije nikajisahau. Kisha akaniuliza miche ina muda gani.

"Wiki ya tano."

"Inazeekea kwenye trei. Ihamishe leo jua likipoa. Na uwe na mtu wa kusaidiana naye, mizizi ya trei haitaki papara."

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili njia iwe ndefu, lakini haikurefuka vya kutosha. Mama mkwe alikuwa amekaa nje ya mlango wa jikoni, amejitanda, amenipa mgongo, furushi lake limefungwa pembeni. Nilikohoa. Hakugeuka. Nikamtafuta tetea. Hakuwepo mlangoni, hakuwepo chini ya gari la jirani, hakuwepo popote. Nilizunguka ua mzima nikiita "kurukuru", mtu wa umri wangu, namtafuta kuku wa kuniombea msamaha.

Mwisho nikasimama pale pale, nikampa mgongo nami, nikauambia ukuta wa jirani: "Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu, akiuambia ukuta wa kwake.

"Nimekosa. Nimekufukuza kwenye miche kwa ugonjwa ambao mbegu hii haiugui. Imeandikwa kwenye pakiti. Sikuisoma yote."

Alifikiri. "Kazi yako kule ofisini ni nini vile?"

"Kusoma mafaili, mama."

"Haya."

Upepo ulipita, ukaleta vumbi, tukalimeza wote wawili.

"Na maziwa?" aliuliza.

Ningeweza kusema yalikuwa zawadi. Lilinijia mdomoni kabisa. "Yalikuwa ya kunawa," nilisema. "Sikudanganyi. Ila mtindi ule sijapata kuunywa mahali pengine, hata kwetu."

"Kwenu mna ng'ombe wawili wawili wa kufungiwa ndani. Mtaujulia wapi mtindi."

Nilikubali kwamba hatuujui. Ni mara ya kwanza nimekubali jambo kama hilo kuhusu Lushoto. Kisha nikasema, "Mama, bibi shamba amesema miche ihamishwe leo jua likipoa, nami nahitaji mtu wa kusaidiana naye. Na mwanao hataki uondoke," na kabla sijajizuia nikaongeza, "na mimi sitaki." Nilishangaa kusikia kwamba ni kweli. Nilikuwa nimemzoea: ufagio wa alfajiri, chafya mbili, zile salamu kwa mche mmoja mmoja.

Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwanangu nilimwambia nilijikwaa. Sikujikwaa. Nilianguka shambani asubuhi, mguu ukakataa. Nikaita. Jua likapanda, likasimama kichwani, likashuka, mimi naita. Mbuzi wa watu wakaja, wakala mtama wangu ninawaona, wakashiba, wakaenda zao. Hakuna aliyekuja mpaka jioni." Akavuta pumzi. "Hapa kwako nimegusa jani, mtu mzima ameshindwa kulala. Amekwenda mpaka ofisini kuandika karatasi. Nikawa nakunja kanga zangu, nina hasira, lakini nawaza: hapa angalau nikianguka juu ya miche yake, atakuja mbio."

Machozi yalikuwa yananitoka na nilishukuru kwamba mila inakataza tutazamane. Nilijifuta kwa mkono wa shati, taratibu, nisisikike.

Nyuma yangu nilisikia kigoda kikisogezwa, halafu kikopo cha bati kikifunguliwa, halafu chafya mbili.

"Lete hizo trei, mwanangu," alisema. "Jua limepoa, na miche haiwezi kusubiri umalize kulia."

Nikaenda kuzileta.